Mfupa kwa Mfupa, Uwanja wa Mpakani

Wapo wanaosema Mseti alikuwa mwalimu wa mpira mpole. Hao walimkuta ameshakaa kwenye kigoda, anafundisha kwa mdomo. Mimi Rhobi ni mkewe, na nakwambia mume wangu alikuwa mkali kupita kiasi, na ukali wake nusura utumalize wote.

Kwao ni Gorong'a. Alichukuliwa jeshini angali kijana, akapelekwa Nairobi, akawa beki wa timu ya kambi. Walimwita Nyundo, maana washambuliaji waliokutana naye walitolewa kwa machela. Aliporudi mwaka hamsini na nne alileta blanketi, filimbi na daluga zake za kuchezea. Vijana wa ukoo wake walicheza pekupeku, naye akajifanya mwalimu wao. Aliyeogopa kuingia miguuni mwa mwenzake alichapwa fimbo mpaka mgongo uchanike. Mpira upite, mtu asipite, hiyo ndiyo ilikuwa sala yake asubuhi na jioni.

Mimi nimezaliwa ng'ambo ya mto, ukoo mwingine. Koo zetu zilikuwa zimeuana kwa ajili ya ng'ombe, kwa mikuki na mishale ya sumu, mpaka wazee wakachoka kuzika. Wakachinja kondoo mpakani, wakala kiapo: atakayemvunja mfupa mtu wa upande wa pili, wake nao uvunjwe siku hiyohiyo na mtu wa nyumba ya aliyeumizwa. La sivyo, vita vinarudi. Basi Mseti, kwa kiherehere chake, akasema tusherehekee amani kwa mpira. Nilimwambia mpira wako na amani havipikiki chungu kimoja. Akanicheka.

Siku yenyewe watu walijaa pande zote mbili. Mikuki waliichomeka ardhini nyuma yao, karibu tu. Upande wa kwetu alicheza mdogo wangu Marwa, na alifunga mabao mawili. Sasa mwalimu gani huyo asiyeweza kukaa nje? Mseti alimtoa mchezaji wake mmoja, akavaa daluga, akaingia mwenyewe. Marwa akampiga chenga, watu wakacheka. Alipokuja tena, Mseti hakuutazama mpira kabisa. Aliufuata mguu. Ugoko wa mdogo wangu ulilia kama kuni kavu, mfupa ukatokeza nje ya ngozi, na damu ikatapakaa kwenye majani.

Watu wa pande zote mbili walirudi nyuma kuing'oa mikuki.

Mseti alivua daluga, akalala chali pale Marwa alipoangukia, akanyoosha mguu wa kulia. Baba yangu, Nyamhanga, akapewa rungu. Akaliinua, akalishusha bila kupiga. Kwetu mkwe hata kumgusa mkwewe ni mwiko, sembuse kumpiga; laana yake inakula nyumba nzima. Kaka zangu nao walikuwa mashemeji zake, wakatazamana. Vijana wa kwetu wakaanza kusogea, na wa Gorong'a nao wakasogea. Mmoja alishachomwa mkuki begani.

Katika nyumba yetu yote, mtu ambaye hakuwa mkwe wala shemeji yake alikuwa mmoja tu. Nikamwambia baba anipe hilo rungu.

Mseti alinitazama. "Piga mara moja, Rhobi," akasema. "Usinirudie."

Nilikuwa na hasira naye, nisikudanganye. Lakini pigo la kwanza mkono ulinilegea, likaishia kwenye nyama. Mseti akauma kiganja chake. Mikuki ilikuwa bado juu, na wote walikuwa wanaungoja mfupa. Nikainua tena, nikapiga kwa nguvu zangu zote, nikausikia.

Baba akageuka, akawaambia vijana wake warudi nyumbani. Upande wa Gorong'a nao wakaondoka taratibu. Mimi nikabaki nimepiga magoti kati ya mdogo wangu na mume wangu, wote wawili wanagugumia, na kitambaa cha kufungia ni kimoja, cha kichwani kwangu, sijui nianze na yupi.