Mjerumani wa Bunduki ya Baba Mkwe

Jamani, hii nawasimulia kwa sababu mke wangu ameshaanza kuisimulia, na anavyoisimulia yeye natoka mjinga kuliko nilivyokuwa, kwa hiyo bora aibu yangu niibebe mwenyewe.

Tulikuwa ukweni Nyololo, arobaini ya baba mkwe, siku ya kugawa vitu vya marehemu. Mzee alikuwa mwindaji, nguruwe pori waliokuwa wanamaliza mahindi ya watu walimjua, na bunduki yake (ya kibali, msinifikirie vibaya, kesho yake ilikuwa inapelekwa polisi kusubiri kibali cha mrithi) haikufanana na nyingine yoyote. Mtutu ulikuwa wa kiwandani, lakini kitako kilikuwa cha mti mweusi mzito, kimechongwa kwa mtu wa mkono wa kushoto, kina bonde la kulaza shavu, na chini kimechomwa alama ndogo: mstari uliopinda kama mundu na nukta tatu. Mzee alipoulizwa fundi wake nani, alijibu tu kwamba fundi huyo hachukui kazi za watu. Akafa na jibu hilo hilo.

Sasa bunduki ikawa inapita mkono kwa mkono, wanaume tu (wawindaji wa kule hawataki mwanamke aguse silaha, eti inaharibu shabaha), kila mtu anakisia lake, mpaka shemeji yangu, mtoto wa kwanza wa marehemu, akanigeukia. "Shemeji wa Mbeya, wewe unayeuza simu, hebu tuambie hii katengeneza nani."

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini ukoo ule ulikuwa unanikumbuka kwa jambo moja tu, kwamba siku ya kupeleka posa niliteleza kwenye tope na suti, nikaona leo ndiyo leo. Nikapiga picha ile alama, nikaperuzi (mtandao wenyewe unakuja na kukata), nikapata alama ya karakana moja ya Ujerumani ambayo, ukifumba jicho moja, inafanana nayo. Nikakohoa kidogo, nikatangaza kwamba hii ni kazi ya Mjerumani, fundi bingwa wa enzi za mkoloni, na zimebaki chache duniani.

Mama mkwe alikuwa mkekani na wenzake wanachambua mchele. Aliniangalia, akainama akaendelea na mchele wake. Nikadhani amefurahi.

Aliyefurahi ni baba mdogo, mdogo wake marehemu. Mpaka asubuhi ile walikuwa wamekubaliana bunduki ibaki kwa shemeji, ndivyo mama alivyoomba, isitoke nyumbani. Sasa baba mdogo akasema kitu cha Mjerumani hakiwezi kufukuzia nguruwe, kiuzwe, ukoo ugawane. Akampigia rafiki yake wa Mafinga anayenunua vitu vya kale, na kabla wali haujaiva yule bwana akawa ameshafika, kofia ya pama kichwani, ananiita mtaalamu. Shemeji akanuna. Mke wangu akapita nyuma yangu akaninong'oneza, "Baba Neema, una uhakika?" Nikamwambia aniachie mambo ya wanaume. (Hilo nalo sijasamehewa.)

Chakula kikaja. Niko katikati ya kueleza Wajerumani wanavyokausha mbao, nikainua bakuli langu la bati juu kabisa nimalizie mchuzi, na nilipolishusha wote walikuwa wananikodolea macho.

"Mtaalamu," akasema yule mnunuzi taratibu, "hebu ligeuze hilo bakuli."

Nikaligeuza. Chini limekwaruzwa kwa msumari: mundu na nukta tatu. Akageuza lake, ipo. Shemeji akageuza sahani, ipo. Nanyi mnajua kila mama anaweka alama chini ya vyombo vyake ili akiviazimisha msibani virudi. Hata vyetu nyumbani kwetu Soweto, pale Mbeya, vina rangi ya kucha. Lakini sisi wanaume wa nyumba ile hatujawahi kuosha hata kijiko, na wanaoosha hawakuruhusiwa kuisogelea bunduki.

"Na bakuli nalo la Mjerumani?" akauliza mnunuzi. Walicheka mpaka mzee mmoja akapaliwa na wali. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha mama mkwe akasimama, na kicheko kikakatika. Akasema mzee alipovunjika bega la kulia hakuweza tena kulenga, akawa anakaa anaitazama tu bunduki siku nzima, na yeye hakuweza kuvumilia kumwona vile. Kinu chake cha kutwangia kilikuwa kimepasuka, akakichonga kwa mikono yake mwenyewe kikawa kitako cha mkono wa kushoto. Wakaficha, wenzake wasije wakamcheka.

"Alama aliichoma mzee mwenyewe," akasema. "Nilimkataza. Akaniambia chombo chako lazima kirudi nyumbani."

Shemeji alilia waziwazi, nami nikalia, sioni haya kwa hilo. Mnunuzi alivua kofia, akasema yeye hanunui vyombo vya mama wa watu, akaenda zake. Baba mdogo akaichukua bunduki, akaiweka mikononi mwa mama mbele ya wawindaji wote.

Wakati wa kuondoka nilipiga magoti kumwomba msamaha. Mama akanikabidhi bakuli lile lile, limejaa njugu za njiani.

"Nakuazima, Mjerumani," akasema. "Lirudi."

Bado sijalirudisha. Liko kabatini Soweto, na mimi nikianza tu kutoa maelezo ya nisichokijua mbele ya wageni, mke wangu hasemi kitu: analitoa, analifunika mezani kifudifudi, nami nanyamaza.