Mwisho Ulioliwa na Karanga

Nakumbuka siku moja ya soko, mwanangu, tumeshuka mlimani mpaka mjini Morogoro na bibi yangu mzaa mama na wanawake wenzake, matenga ya karoti na kabichi kichwani, na mali yote imekwisha kabla jua halijafika utosini. Nilikuwa msichana wa darasa la saba, miguu haijui kutulia. Bibi akanituma mtaa wa Mwembesongo nikalete karanga za kutafuna njiani wakati wa kupanda kurudi kwetu.

Nilizinunua kwa Mama Zuhura, mtu wa Kigoma, aliyekuwa akizikaanga mbele ya nyumba yake na kuzifunga kwenye karatasi zilizosokotwa. Nikafungua ya kwangu, zile nyingine zote zikiwa za gazeti, nikatia karanga mdomoni, jicho likaangukia kwenye karatasi. Lo! Ilikuwa ukurasa wa kitabu. Mwanamke anavuka mto mpana na mbuzi wake, maji yamemfika kifuani, na pale katikati kabisa kiboko anainua kichwa. Basi! Ukurasa umeisha hapo!

Karanga zilinimwagika na sikuziokota. Nilirudi mbio, kanga inanifungukia.

"Mama, shikamoo! Kitabu kiko wapi?"

"Marahaba. Kitabu gani tena, wewe?"

Nikamwonyesha ukurasa. Akainama chini ya kigoda akatoa nusu ya kitabu, hakina jalada wala jina. Kumbe alikuwa na utaratibu wake wa kuchana kuanzia nyuma, ili kitabu kisimfumukie mapema.

"Na mwisho wake?" nikauliza.

"Mwisho ulishaliwa, mwanangu. Watu wa kiwandani wameutafuna tangu juzi." Akacheka mpaka akajifuta machozi, kisha akanitupia kile kilichobaki. "Chukua. Mimi nitafungia kwa magazeti."

Unaweza kufikiri nilihuzunika. Hata kidogo! Nilikuwa na mto mzima mikononi, tangu chemchemi yake mpaka kwa kiboko. Nikajibanza nyuma ya matenga matupu pale sokoni, nikaanza kusoma na kucheka peke yangu. Bibi alinikuta hivyo.

"Wewe mtoto," akasema, "kinachokuchekesha ni nini?"

"Nasoma, bibi."

"Mbona sisikii?"

"Nasoma kimoyomoyo."

Bibi yangu hakuwa mtu wa kupandisha sauti, lakini siku ile alinitazama kama amenikuta nimejificha na sufuria la nyama. "Kimoyomoyo ni kwa sala," akasema. "Kitabu ni chakula. Nani kwetu amekufundisha kula ukiwa umejificha? Mla peke yake hufa peke yake." Kisha akawageukia wenzake. "Mpokeeni huyu mzigo wake. Yeye atabeba kitabu."

Mwanangu, hebu elewa maana ya neno hilo. Kwetu Uluguruni mzigo wa kupanda nao ni mzigo kweli: sukari, chumvi, mafuta ya taa, sabuni za mwezi mzima. Wanawake waliokuwa wamechoka tangu alfajiri waligawana mzigo wangu bila kunung'unika, wakaniweka katikati ya mstari, wawili mbele wa kuniambia palipo na mawe, na mimi nikasoma kwa sauti huku tunapanda. Mto Morogoro unanguruma kushoto kwetu, mto wa kitabu unanguruma mdomoni mwangu! Tulipofika kwenye majaruba ya watu wa kitabuni, Bi Anjela, rafiki wa bibi, alisimama akabisha namna walivyopanda mpunga wao. Alipoumwa mtoto wa yule mwanamke, mstari mzima ulisema "pole" kama wanamwona. Sijawahi kusikilizwa vile tena, na nimeishi miaka mingi.

Tulifika kwa kiboko tukiwa kwenye jiwe kubwa la kupumzikia, karibu na nyumbani. Nikasoma neno la mwisho, nikakishusha kitabu.

"Enhe?" akasema Bi Anjela.

"Pameishia hapo. Kwingine kumefungiwa karanga za watu wa kiwandani."

We! Ungedhani nimewaambia kanisa limeungua. Kila mtu akasema lake, mmoja akataka turudi mjini tukawapekue watu wa kiwandani mifukoni. Bibi akawanyamazisha, akatoa mwisho wake mwenyewe. Yule mwanamke, akasema, alimshika mbuzi mkia, na mbuzi akaogelea, akamvuta mwanamke mpaka ng'ambo. "Mbuzi aliyelelewa vizuri hamwachi mtu wake majini," akasema, na akaniangalia mimi, kwa sababu mama yangu alishafariki na yeye ndiye aliyenilea.

Tangu hapo kila siku ya soko, tukifika jiweni, hadithi ile ilizushwa upya na mbuzi yule akavushwa kwa njia nyingi za ajabu. Lakini bibi alitaka kujua mwandishi mwenyewe alisemaje. Alipokuwa kitandani kwa maradhi yake ya mwisho alinishika mkono akaniambia, "Mwisho wa kile kitabu ukija kuupata, usiusome kimoyomoyo." Nikamwahidi.

Unaniona leo na meza yangu hapa Mafiga, vitabu vipya upande huu na vilivyotumika upande ule, vya mito, vya mapori, vya mashamba na mifugo. Watu hudhani ni biashara tu. Mwanangu, mimi nilikuwa nautafuta mwisho! Kila gunia la vitabu vikuukuu lililoingia nililipekua mwenyewe, na kila mara nikaambulia vumbi. Kumbe mvumilivu hula mbivu. Mwezi uliopita nikafungua gunia, na juu kabisa kikawa kitabu chenye picha ya mto na mbuzi. Nikafunua ukurasa wa kwanza. Maneno niliyajua kwa kichwa! Nilipiga yowe, binti mmoja wa Kilakala aliyekuwa akichagua vitabu akarukia pembeni.

"Bibi, kuna nyoka?"

"Kuna kiboko!" nikamjibu, nikamsimulia habari ya mwisho ulioliwa.

"Sasa si usome huo mwisho!"

Sikuusoma. Nilikizungushia mpira wa kufungia, mara mbili, maana najijua, nikakiweka kifuani na kupanda bodaboda kurudi kwetu mlimani mpaka barabara ilipogoma. Nilipobaki na miguu yangu nilipanda kama msichana, magoti yananilalamikia na mimi nacheka.

Kati ya wanawake wa mstari ule amebaki Bi Anjela peke yake, rozari shingoni, sikio moja zito. Wajukuu wakambeba mpaka jiweni. Nikasoma kwa sauti, nikafika kwa kiboko, nikafunua ukurasa ambao hatukuwahi kuupata. Mwanamke alivuka. Mbuzi alichukuliwa na maji.

Bi Anjela akagonga jiwe kwa fimbo yake. "Funga! Hicho kitabu kimekosea. Mbuzi wa bibi yako ni mzima mpaka leo." Akawageukia watoto na kuwapa mwisho wa bibi yangu, neno kwa neno, mpaka na ule mtazamo alionitazama nao. Watoto wakashangilia. Nami nikalia kwa furaha mbele ya watu, kwa kuwa nilimsikia bibi.

Basi shika haya, mwanangu. Nunua kitabu, kipya au chakavu, hilo halina neno. Lakini usikifungie chumbani. Kipeleke kwa watu, ukisome kwa sauti, uwaache wabishe, wacheke, watie chao. Vitabu nilivyosoma kimoyomoyo nimeshavisahau, na kile tulichokula wote kimenitunzia bibi yangu. Mungu akujalie macho yasiyochoka, sauti isiyokauka, na watu wa kukupokea mzigo mlimani ili wewe ubebe kitabu.