Mutindi na Waya wa Sikio la Mama

Ukitaka kumkasirisha Mutindi wa Machakos mjini, mwambie kompyuta "imekataa tu". Atakuuliza imekataaje, umegusa wapi, nani alikutuma uguse. Ana duka dogo la kutengeneza kompyuta nyuma ya soko, na mdomo wake haupumziki. Lakini kwa mama yake alikuwa amebakiwa na maneno matatu: kula, twende, lala. Hayo tu ndiyo mama huyo, Kalondu, ambaye masikio yalikuwa yamefifia kwa uzee, aliyoweza kuyasikia akipigiwa kelele sikioni. Mazungumzo mengine yote yalikuwa yameisha kidogo kidogo, na jambo hilo lilimuuma Mutindi kuliko alivyokubali kusema.

Ilichukua miezi kumshawishi mama atoke kijijini Muthetheni aje kliniki ya mjini kuwekewa kifaa cha kusikia. "Nakuja mara moja tu," Kalondu alisema. "Nikirudi hivi hivi, mniache na kimya changu."

Siku ikafika, kifaa kikakaa sikioni, kumbe kompyuta ya kukirekebisha haikioni. Kisanduku kinachounganisha kifaa na kompyuta ni cha zamani, plagi yake pana, ya pini tisa. Kompyuta nayo ni mpya, ina matundu ya USB pekee. Katikati pana kiwaya cha kuvipatanisha. Ndanu, muuguzi wa masikio, alikuwa amekihamisha tundu hadi tundu na kukipuliza mpaka akachoka.

"Nani alikufundisha kuhamahama hivyo?" Mutindi akauliza.

"Si ni wewe," Ndanu akajibu.

Kweli, ni yeye. Hivyo ndivyo afanyavyo dukani kitu kikimsumbua, na Ndanu, akipeleka kompyuta za kliniki, amemwona. Lakini kiwaya cha aina hii, kila ukikitia tundu jipya, kompyuta hukipa namba mpya, na ile programu ya masikio, kwa ukaidi wake, hutafuta namba moja hadi nne tu. Mutindi akafungua pale kompyuta inapoonyesha vifaa vyake. Kiwaya kimefika namba tisa.

Kalondu alikuwa tayari ameshika mkoba, anafunga kitambaa chake kichwani aende zake. Mutindi akamkalisha kwa ishara. Akabadilisha namba ya kiwaya kwenye kompyuta kuwa tatu, akakichomoa, akakichomeka tena tundu lile lile, akafungua programu upya. Kisanduku kikaonekana.

Ndanu akapandisha sauti ya kifaa pole pole, kisha akamwashiria Mutindi aongee. Mutindi akainamia sikio apige kelele kama kawaida, kisha akajizuia.

"Mwaitu," akamwita mama yake kwa Kikamba, bila kelele. "Umechoka?"

Kalondu akageuka, akamtazama usoni.

"Sauti yako imezeeka," akasema. "Imezeeka lini na mimi niko hapa?"

Mutindi akalia mbele ya Ndanu bila kujificha. Kisha akavuta kiti karibu na mama yake, akaanza kumwambia yote yaliyokuwa yamebaki bila kusemwa.