Ijumaa Niliyooga Shambani

Jamani, Kisarawe niliadhirika! Nilikuwa bwana shamba mgeni, Mlutheri. Kule Kibaha nilifundishwa na mtaalamu Myahudi aliyekuwa akiacha kazi kila Ijumaa kabla jua halijazama, akapumzika mpaka Jumamosi jioni. Nikadhani Ijumaa ya Waislamu ni hivyo hivyo.

Basi wanakijiji walipokwenda msikitini, nikajua shamba la ujamaa limefungwa. Nikavua nguo zote, nikaingia mferejini, nikaoga huku nikiimba.

Sala ilipokwisha, kijiji kizima kikarudi na majembe.

"Bwana shamba," alisema mwenyekiti, Mzee Salumu, "sisi tukishaswali tunarudi kazini."

"Shikamoo, mzee," nikajibu, nimechutama majini.

"Marahaba."

Mkewe akanirushia kanga huku akicheka. "Jifunge, mwanangu, uje tulime."