Ndama wa Jirani

Wanunuzi binafsi walipoanza kugombania pamba, kijijini kwetu watu walifyeka vichaka vyote wakalima. Fisi wakahamia kwenye ngitili yetu, majani ambayo baba aliyatunza ili ng'ombe wapate malisho wakati wa kiangazi.

Jioni moja jirani yetu alikuja na kiberiti mkononi. Fisi walikuwa wamemla ndama wake wa pili, na alibakiwa na mmoja tu.

“Mzee, siku hizi unafuga fisi?” aliuliza. Kwetu, maneno hayo ni sawa na kumwita mtu mchawi. “Leo nayachoma hayo majani.”

“Ukichoma, ng'ombe wangu watakufa njaa kabla ya mvua.”

“Wangu wanakufa sasa hivi!”

Waliokusanyika wakagawanyika. Wengine walisema achome, wengine wakamshika mkono. Baba akasema, “Mlete huyo ndama alale zizini kwangu.”

Jirani alimleta, akamfunga mwenyewe. “Huyu akiliwa, sitakuja kuuliza tena,” alisema, akakitikisa kiberiti.

Alipoondoka, baba alimfungua yule ndama akamhamishia katikati ya zizi. Ndama wetu akamfunga pembeni, karibu na ua wa miiba.