Ladha Iliyoganda Kwenye Wanga

Bi Mektrida alionja, kisha akageukia dirisha na kutema nje.

"Sabuni," alisema. "Safari ile majivu, leo sabuni. Winfrida mwanangu, hiyo keki niwekee mbali. Jumapili nitakula wanachokula watu."

Winfrida aliitwaa sahani, akaifunika kwa kitambaa, akaenda nayo jikoni. Alifahamu maana ya maneno yale. Siku ya Pasaka mama yake, mgonjwa wa kisukari, aliisusa keki isiyo na sukari mbele ya wakwe, akala vipande vitatu vya ile nyingine, na kabla ya jioni Filemon, kaka yake Winfrida, alikuwa akiendesha gari kwa kasi kutoka Marangu kuelekea hospitali. Jumapili hii binti wa Filemon, Kindness, angepata kipaimara. Keki ingekatwa, na bibi, kama ilivyo desturi ya nyumba ile, angelishwa wa kwanza.

Winfrida alikuwa mwoka mikate katika kiwanda kidogo cha Pasua, mjini Moshi, na juma hili alikuwa amepanda Marangu kwa mama yake kuoka keki ya sherehe. Usindikaji wa vyakula alijifunza chuo cha ufundi, na tangu hapo alikuwa mtu wa kupima, kuonja, kunawa na kupima tena. Kosa la keki isiyo na sukari alilijua: sukari haileti utamu peke yake, hujaza pia. Ukiiondoa, keki hunywea. Utamu aliupata kwa matone ya duka la dawa. Cha kujaza nafasi alikitengeneza mwenyewe kwa wanga wa ndizi mbichi. Aliulowesha kwa maji ya limau na kuupasha moto polepole ndani ya chungu kilichofunikwa, hadi ukageuka kuwa wanga mgumu ambao sehemu yake kubwa hupita tumboni bila kugeuka sukari. Daktari alikubali kipande kidogo. Keki iliumuka vizuri. Tatizo lilikuwa ladha: ukakasi kama wa ganda la ndizi, uliokaa ulimini hata baada ya kunywa maji.

Alijaribu kuufunika kwa iliki. Ulitokeza. Akajaribu mdalasini, ukatokeza tena. Mara hii alifanya jambo ambalo mwanamke yeyote wa mlimani angelifanya chakula kikiwa na uchachu: alitia magadi. Magadi hulainisha maharage na kutuliza ndizi sufuriani, lakini wanga ule uligeuka rangi ya kutu na kunuka kama nguo zilizolowekwa.

Aliketi kwenye kigoda akiutazama. Ukakasi haukutoka kwenye limau. Ulikuwa utomvu wa ndizi zenyewe. Alikuwa akiupasha moto wanga ukiwa bado na utomvu wake, na moto ukaugandisha humo, halafu yeye akahangaika kuupaka manukato. Ilipasa uoshwe kabla ya moto, tena uoshwe baada ya moto, kwa maji mengi yanayobadilishwa bila kukoma.

Na maji hayakuwapo. Bomba lilikuwa limekauka tangu mwanzoni mwa juma. Zamu yao ya mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka msituni na kuyapitisha shamba hadi shamba, ilikuwa imepita. Kesho, Ijumaa, ilikuwa zamu ya jirani yao, Mzee Melkior.

Kiangazi kilichopita Bi Mektrida aliziba mfongo kwa gogo la mgomba alfajiri, katika zamu ya Melkior, akayageuza maji kwenye kahawa yake. Kabichi za jirani zikanyauka. Alikamatwa na tope miguuni, na hakuomba radhi. Tangu siku hiyo nyumba hizo mbili hazikusalimiana.

Winfrida alimkuta mzee akinoa panga uani.

"Shikamoo, Mzee Melkior."

"Marahaba. Wa kwa Mektrida, siyo? Vipi, magogo yamewaishia?"

Winfrida alieleza habari ya wanga, akaomba maji ya zamu yake. Maji yangepita ndooni tu, kisha yangerudi mfongoni.

"Yapite kwenu, yanirudie yakiwa na utomvu?"

"Utomvu ni wa migomba, mzee. Shamba lako limejaa huo."

Melkior alikaribia kucheka, akajizuia. "Una mdomo mtaratibu, lakini ni mdomo wa mama yako. Mwambie aje mwenyewe. Na asije mikono mitupu."

Hakuwa akitaka fedha wala pombe. Kila mtu huko anajua kitu anachobeba aliyekosa anapokwenda kuomba radhi: jani la isale, ambalo anayeletewa hawezi kulikataa.

"Isale?" Bi Mektrida aliposikia, aliweka chini ungo wa maharage. "Mimi nimpelekee Melkior isale, kwa umri huu? Afadhali nile sukari yenu nife nimeshiba."

"Mama."

"Usiniite mama kwa sauti hiyo."

"Siku ile ya Pasaka nilikushika kichwa ndani ya gari la Filemon," Winfrida alisema polepole. "Uliniuliza mimi ni mtoto wa nani."

Bi Mektrida aliokota harage moja lililodondoka, akalirudisha kwenye ungo.

Asubuhi Winfrida alimenya ndizi ndani ya ndoo ya mwisho ya maji iliyobaki, akizizamisha upesi zisije zikasawijika. Maji yalianza kuchafuka. Ng'ambo ya ua aliusikia mfongo ukipita kwa wingi, na jiwe la kuugeuza lilikuwa hatua chache tu kutoka aliposimama. Mara mbili aliinuka. Mara mbili akaketi, kwa kuwa maji ya kuibwa ndiyo yaliyowafikisha hapo. Alipoinuka mara ya tatu, aliona kwenye ua wa masale shina moja likiwa limekatwa hivi punde, bado linatoa maji. Kigoda cha mama kilikuwa kitupu.

Alisubiri. Jogoo wa jirani aliwika, na mbwa akabweka, kisha akanyamaza.

"Ndoo zako ziko wapi?" Bi Mektrida alitokea kwenye migomba, kanga imemlegea, uso umekunjamana. "Amekupa mpaka jua livuke ule mti wa mringaringa. Fanya upesi, asije akaghairi. Amecheka mpaka akakohoa, mzee yule."

Winfrida alitwanga, akachuja, akatuliza, akamwaga, akaongeza. Kila mara alionja kwa ncha ya kidole. Ukakasi ulipungua, ukawa kivuli, ukatoweka. Jumamosi aliupasha moto wanga, akauosha tena kwa maji ya madumu aliyojaza Ijumaa kabla jua halijavuka, akaukausha na kuoka keki.

Jumapili hakuthubutu kuketi. Kindness, katika gauni jeupe, alimlisha bibi yake kipande cha kwanza. Melkior alikuwa mezani pia, ameegemea fimbo, akitazama. Mazungumzo yalififia. Taya la Bi Mektrida lilikwenda, likasimama, likaendelea. Akatazama dirishani. Winfrida alifumba macho.

"Limau limezidi kidogo," mama yake alisema, huku akikwangua sahani kwa uma. "Mkatieni na Melkior, maji ni yake."