Mlingoti Darini kwa Bi Shahnaz

Dama Karisa alikuwa na sauti ya kuamrisha, na kwa miaka mingi aliitumia kuamrisha hewa tupu. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye chumba cha mawasiliano cha zimamoto, kisiwani Mombasa, na kusema na vijana waliotoka na magari. Kwenye barabara kuu redio zilisikika. Kilindini pia zilisikika, ingawa kwa kukoroma. Lakini kijana akishaingia ndani ya nyumba za Mji wa Kale, zenye kuta nene za mawe, redio yake hufa. Dama hubonyeza kitufe akaita, na kinachomjibu ni mchakacho tu.

Kati ya vijana hao mmoja ni Tsofa, nduguye, kitinda mimba wa mama yao. Dama mwenyewe ndiye aliyemwingiza kazini. Mwaka jana moto ulishika ghala huko Kibokoni, humo humo Mji wa Kale, Tsofa akaingia, naye Dama akaita mpaka koo likamkauka. Tsofa alirudi mzima, akiulizia chai. Dama alikwenda chooni akalia, na asiyemwelewa shauri yake.

Basi mitambo mipya ya redio ilipoletwa, hakuna aliyeifurahia kama yeye. Fundi Zakariya aliwaeleza wazi: ili redio hizi zipenye Mji wa Kale, unahitajika mlingoti mfupi juu ya nyumba moja ndefu katikati ya mitaa. Nyumba ikapatikana, ya Bi Shahnaz, mjane mwenye duka la nyuzi na vifungo. Akakubali kwa moyo mkunjufu. Kisha Zakariya akatia mchanga kitumbua.

Alipanda darini, juu kabisa ya nyumba, kupima, kimyakimya kama paka. Zakariya amelelewa Tudor kwenye maflati, ambako kila mtu yuko juu ya kichwa cha mwenzake. Hakujua kwamba Mji wa Kale mwanamume hapandi darini bila kupiga hodi, ili wanawake walioko uani chini wapate kujisitiri. Uani mwa jirani, Bi Mwanaesha alikuwa akiosha nywele. Akainua macho, akakutana na mwanamume mzima aliyeshika futi ya kupimia. Ukelele wake ulifika Makadara.

Bi Shahnaz akaufunga mlango. Mkandarasi aliyeleta mitambo naye akasema mahali pakikosekana, mlingoti utapelekwa kwingine, na Mji wa Kale utabaki kama ulivyokuwa.

Pale kituoni wakasema ndiyo riziki, haikuandikwa. Dama alijifunga leso akaenda kwa Bi Shahnaz.

"Mimi sina kinyongo, mwanangu," Bi Shahnaz akamwambia. "Lakini alokosewa si mimi, ni jirani yangu. Miaka yote hii twaazimana chumvi. Siwezi kumuuza kwa ajili ya chuma."

"Basi nipeleke kwake, mama."

Zakariya naye akaburutwa. Akasimama barazani, akaomba radhi huku akitazama viatu vyake mwenyewe, jasho likimchuruzika. Bi Mwanaesha alimsikiliza akiwa ndani, nyuma ya pazia, akamwacha asimame pale kupita haja. Kusema kweli alistahili.

Kisha akamwita Dama ndani, akamuuliza, "Nawe una nini, hata ukaja mwenyewe?"

Dama alikuwa ametayarisha maneno mazito kuhusu usalama wa umma. Yote yakamtoka kichwani. "N'na ndugu yangu," akasema. "Huingia kwenye moto huku kwenu, nami humwita, simsikii. Sijui kama yu hai mpaka atoke. Nimechoka, bibi."

"Mwanangu yuko bandarini, hupanda yale makreni," Bi Mwanaesha akasema. "Nami silali. Haya. Fundi akipanda, utangulie wewe, upige hodi tuisikie. Siku usipokuwapo, hapandi mtu."

Mlingoti ukasimama. Kila fundi akija, Dama hutangulia ngazi, akapiga hodi mpaka njiwa wakaruka. Yeye mwenyewe huogopa urefu, ila hilo hajamwambia mtu.

Haikupita muda, mtungi wa gesi ukalipuka kwenye jiko la nyumba moja mtaa wa nyuma. Tsofa akaingia. Dama akabonyeza kitufe, akaita.

"Nakusikia, dada," Tsofa akajibu, waziwazi, kama aliyekaa kiti cha pili. "Niko ghorofa ya pili. Moshi mwingi. Nimempata bibi mmoja, namshusha. Hizi ngazi nazo nyembamba, sijui alizijenga nani, mtu wa mwili hapiti..."

Akaendelea kulalamika hivyo hivyo, ngazi moja baada ya nyingine. Ngala, mkubwa wao wa zamu, akainama juu ya meza. "Mwambie apunguze maneno."

Dama hakuwa mtu wa kumpinga mkubwa wake. Machozi yalikuwa yakimshuka na hakuyafuta.

"Muache aseme, mzee," akamwambia. "Muache tu aseme."